Pweza wa Mtini, Samaki wa Kale na Darasa la Jumatano

Jumatano moja, baada ya vipindi vya mchana, niliwasha projekta ya shule katika chumba ambacho mapazia yake ni khanga mbili zilizoshonwa pamoja, nikawaonyesha wanafunzi wa Kidato cha Pili ukurasa wa intaneti unaoeleza habari za pweza anayeishi juu ya miti. Ukurasa huo una picha, una jina la kisayansi la kiumbe huyo, Octopus paxarbolis, una maelezo ya makazi yake katika misitu ya mvua ya Rasi ya Olympic, jimbo la Washington, magharibi mwa Marekani, na una wito kwa msomaji mwema amnusuru kabla hajatoweka duniani. Niliwapa dakika kumi za kusoma kimya, huku nikiwatafsiria maneno magumu, kisha nikawauliza swali moja tu: je, mnausadiki?

Ninafundisha Historia katika shule ya sekondari ya kutwa mkoani Tanga, na wengi wa wanafunzi wangu wanatoka katika nyumba ambazo riziki yake hutoka baharini. Maji yakipwa, hasa nyakati za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, mama na bibi zao huteremka mwambani na vijiti kutafuta pweza matunduni. Kwa hiyo kicheko kilianzia viti vya nyuma kabla hata sijamaliza swali. Kijana mmoja aliyeketi karibu na mlango alisema, "Mwalimu, pweza ukimtoa majini ukampeleka sokoni, ukifika ameshalegea. Huyo wa mtini anaishije?" Mwingine akataka kujua minyiri itashika vipi gome kavu. Lakini msichana mmoja, ambaye bibi yake huuza supu ya pweza jioni, alinyoosha mkono akawapinga wenzake: yeye amekwisha kumwona pweza akitoka katika kidimbwi kimoja na kutambaa juu ya mwamba mtupu hadi kidimbwi cha pili. "Kwa hiyo nje anaweza kutembea," alisema. "Swali ni kwa muda gani."

Nimefundisha miaka kumi na mitatu na sijui kama nimewahi kusikia darasani swali lililokaa vizuri kuliko hilo. Tazama kwamba aliyemjua pweza zaidi ndiye aliyekuwa mzito zaidi wa kucheka.

Ukurasa ule ulitungwa mwaka 1998 na mtu anayejiita Lyle Zapato, kwa mzaha mtupu, na tangu hapo umetumiwa na walimu wa nchi nyingi kama kipimo cha wanafunzi wao. Ulipata umaarufu zaidi pale Donald Leu, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut, alipowapa wanafunzi 25 wa darasa la saba, tena wale waliohesabiwa kuwa hodari wa kusoma mtandaoni, wauchunguze. Karibu wote waliona ni ukurasa wa kuaminika, na baadhi yao waliendelea kuutetea hata baada ya kuambiwa kwamba pweza huyo hayupo. Mimi nilirudi nyumbani jioni ile nikijisifu kwamba watoto wangu, wasio na hata kompyuta ya kugawana, wamewashinda watoto wa Marekani.

Wiki iliyofuata nilishushwa. Niliwapa karatasi yenye maelezo ya kemikali iitwayo dihaidrojeni monoksidi: kwamba ikivutwa mapafuni huua, kwamba ikiwa katika hali ya mvuke huunguza vibaya, kwamba huharakisha kutu katika vyuma, kwamba imekutwa ndani ya uvimbe wa saratani, na kwamba viwanda huimwaga mitoni bila kuulizwa. Nikawauliza kama ipigwe marufuku. Mikono ilipanda kwa wingi hata sikuona haja ya kuhesabu upande wa pili, na mmoja wa walioinyoosha juu kabisa alikuwa yule msichana wa supu ya pweza. Ilipita kama dakika moja hivi kabla kijana wa mstari wa mbele hajaanza kunong'ona, akihesabu kwa vidole: haidrojeni mbili, oksijeni moja. "Mwalimu," alisema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "haya si maji?"

Mchezo huo nao si wangu. Mwaka 1997, huko Idaho, Marekani, mvulana wa miaka 14 aitwaye Nathan Zohner aliufanya kuwa mradi wake wa sayansi, na kati ya wanafunzi 50 aliowauliza, 43 walitaka maji yapigwe marufuku. Kilichonikosesha usingizi si kwamba wanangu walidanganyika, maana nami ningedanganyika. Ni kwamba walikuwa watoto walewale, katika chumba kilekile, siku saba tu baada ya kuonekana wakaguzi wa kupigiwa mfano. Miongozo mingi ya kufundishia elimu ya kupambanua habari huandikwa kana kwamba udadisi ni ujuzi mmoja, mithili ya kuendesha baiskeli, ambao mtu akishaupata huenda nao kila njia. Niliyoyaona mimi ni tofauti. Mtu hukagua kwa kulinganisha, na wanafunzi wangu walikuwa na pweza wao wa kumlinganisha na yule wa mtini, lakini walikuwa bado hawajawa na kemia ya kutosha kuilinganisha na karatasi yangu.

Tangu siku hiyo ninazitazama zana za mtandaoni kwa jicho hilo, na nitazieleza hapa kwa jicho hilo hilo, kwa kuwa walimu wenzangu huniuliza mara kwa mara nizipate wapi na zipi zinafaa.

Za kwanza kunisaidia kweli zilitoka Chuo Kikuu cha Stanford, kwa kikundi kilichoanza kwa kuandaa masomo ya Historia na baadaye kikaingia katika namna vijana wanavyopima habari mtandaoni. Mwalimu wa Historia hawezi kupotea humo, kwa sababu maswali yao ni yaleyale tunayouliza kuhusu waraka wa kale: nani aliandika, kwa nini, na wengine walisema nini kuhusu jambo hilohilo. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew walieleza jinsi walivyowaketisha watu 45 mbele ya kompyuta, wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wakaguzi wa habari 10 na wanafunzi 25 wa Stanford, wakawatazama wakichunguza tovuti wasizozijua. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki ndani ya ukurasa, wakiusoma toka juu hadi chini, wakivutiwa na nembo nzuri na lugha ya kitaalamu. Wakaguzi wa habari waliukimbia ukurasa karibu mara tu walipoufikia, wakafungua kurasa nyingine pembeni ili kujua watu wengine wanasemaje kuhusu mwenye tovuti, ndipo wakarudi kusoma. Walimaliza haraka zaidi na walipatia zaidi. Nami niliyasoma hayo nikiwa mwanahistoria wa kiwango changu, nikaona aibu kidogo, kwa kuwa miaka yote nilikuwa nikiwafundisha watoto kukodolea macho waraka wenyewe.

Njia hiyo, ambayo darasani kwetu tunaiita kusoma pembeni, inafundishika hata kwa projekta moja na bando la mwalimu. Simu haziruhusiwi kwa wanafunzi shuleni, kwa hiyo mimi ndiye ninayeshika kompyuta na wao ndio wanaoamuru: "Mwalimu, ondoka hapo. Tafuta jina la hiyo taasisi. Usifungue ya kwanza, fungua ya tatu." Wanafurahia kuniamuru kuliko wanavyofurahia somo lenyewe, nami sioni ubaya.

Tatizo lilijitokeza tulipotoka kwenye mifano ya Kiingereza. Niliwaletea dai ambalo kila mmoja alikuwa amelisikia nyumbani, kwamba kunywa maji ya baridi baada ya kula huleta saratani, na tukalitafuta kwa Kiswahili, kama ambavyo mama zao wangelitafuta. Tulifungua kurasa tano. Zote tano zilisema kweli, huleta saratani. Wanafunzi walikuwa tayari kuandika kwamba vyanzo vitano vimekubaliana, hadi mmoja wao alipogundua kwamba kurasa zote tano zimeandika "mafuta yanaganada" badala ya "yanaganda", katika sentensi ileile, mahali palepale. Havikuwa vyanzo vitano, bali kimoja kilichonakiliwa mara tano. Tulipouliza swali hilohilo kwa Kiingereza tulipata majibu ya madaktari na ya wakaguzi wa habari mara moja.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzetu wa ng'ambo, kwa heshima zote. Kusoma pembeni kunadhani kwamba pembeni pana kitu. Kwa msomaji wa Kiingereza pembeni ni pana kama bahari, lakini kwa msomaji wa Kiswahili mara nyingi ni kidimbwi, na maji yake yametoka kwenye ndoo ileile anayotaka kuikagua. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina makala chache mno ikilinganishwa na ile ya Kiingereza, iliyovuka makala milioni 6 mwaka 2020. Wapo wakaguzi wanaoandika kwa Kiswahili na wanastahili shukrani: PesaCheck, iliyoanzishwa mwaka 2016, huchapisha pia kwa lugha yetu, na hapa Tanzania Nukta Fakti imefanya kazi ya kupigiwa mfano. Lakini kazi yao ni kufukuzana na habari za siku, za wanasiasa na za matukio, na hawawezi kumaliza mambo yote ambayo shangazi zetu wanatumiana usiku.

Zana moja tu haikujali lugha, nayo ni kutafuta kwa picha. Huduma kama TinEye na Google Lens humwezesha mtu kuuliza picha fulani imewahi kuonekana wapi kabla ya leo, na jibu huja hata kama hujui kusoma maneno yanayoizunguka. Niliwapa picha ya papa anayeogelea katika barabara iliyofurika, ambayo imekwisha kusambazwa baada ya mafuriko ya Puerto Rico mwaka 2011 na ya Houston mwaka 2017, kila mara ikidaiwa kuwa imepigwa hapohapo. Papa huyo ni wa kweli, lakini aliyempiga picha ni Thomas Peschak, katika bahari ya Afrika Kusini, papa huyo alipokuwa akimfuata mtu aliyekuwa ndani ya mtumbwi mdogo, na picha ilichapishwa mwaka 2005. Mwanafunzi mmoja alisema maskini papa wa watu, wanamhamisha kila mwaka. Silaha hii, hata hivyo, inaanza kubutuka, kwa kuwa picha iliyotengenezwa na akili mnemba leo asubuhi haina kwao pa kurudishwa.

Kuhusu bando nitasema kwa ufupi, maana kila mwalimu analijua. Kiwix, programu iliyoanza mwaka 2007, huwezesha kupakua Wikipedia nzima na kuisoma bila intaneti, na ya Kiswahili ni ndogo kiasi cha kukaa kwenye flashi ya kawaida. Kolibri ya shirika la Learning Equality hufanya kazi ya namna hiyo kwa masomo na video, na inaweza kuwekwa katika kompyuta moja ndogo ambayo vifaa vingine vya darasa huunganishwa nayo. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada, na wapo Shule Direct na Ubongo, walioanza hapa nchini mwaka 2013 na kutoa masomo kwa watoto wetu kwa lugha wanayoielewa. Hizi haziitwi zana za kupambanua habari, na katika orodha za kimataifa za somo hilo huzikuti. Mimi ninaziweka mbele ya nyingi zinazojiita hivyo, kwa sababu mtoto aliyetazama katuni ya Kiswahili inayoeleza jinsi maji yalivyoundwa angeshusha mkono siku ile ya dihaidrojeni monoksidi.

Ipo hatari nyingine ambayo sikuiona mapema. Baada ya miezi miwili ya pweza wa mtini, papa wa barabarani na maji ya sumu, darasa langu lilikuwa limejifunza jibu moja la kila swali: uongo. Ningeweka chochote ukutani, wakasema uongo. Kijana mmoja aliniambia kwa fahari kwamba siku hizi haamini kitu. Nilitambua kwamba nimewafundisha nusu ya somo, na nusu hiyo ikiwa peke yake ni mbaya kuliko kutofundishwa kabisa, maana asiyeamini kitu ni rahisi kumpoteza sawasawa na anayeamini kila kitu.

Kwa hiyo niliwaletea habari ya samaki. Niliandika ubaoni, bila picha, kwamba yupo samaki ambaye wanasayansi walimjua kwa mabaki yake yaliyogeuka mawe, wakaamini kwamba alitoweka pamoja na dinosaria, zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Kwamba mwaka 1938 alikutwa akiwa mzima katika wavu wa wavuvi wa Afrika Kusini. Na kwamba samaki huyo anaishi leo umbali wa kutembea kwa ngalawa kutoka shuleni kwetu. Darasa zima likasema uongo, isipokuwa watatu waliotazamana. Mmoja wao akasema taratibu, "Mwalimu, huyo si silikanti? Babu aliwahi kumtoa kwenye jarife."

Ni silikanti. Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa akitunza jumba dogo la makumbusho mjini East London, alimwona katika rundo la samaki mwezi Desemba mwaka 1938 na kukataa kumwacha atupwe, na mwaka uliofuata alipewa jina la kisayansi linalomkumbuka mama huyo. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, na hapo ndipo ilipobainika kwamba wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua siku zote. Walimwita gombessa, na hawakumthamini kwa sababu nyama yake haina utamu. Kwetu Tanga wavuvi wa jarife, yaani wavu wa kutega, walianza kumnasa mara kwa mara miaka ya mwanzo ya 2000, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Wanafunzi wangu wengi hupita karibu na kibao cha hifadhi hiyo. Walikuwa wamemkana jirani yao.

Tangu hapo kila somo langu la Jumatano lina vitu viwili, kimoja cha kweli kinachofanana na uongo na kimoja cha uongo kinachofanana na kweli, na siwaambii kipi ni kipi. Kazi ni ngumu zaidi kwangu, kwa kuwa uongo umejaa kila mahali na ukweli wa ajabu ni wa kutafuta.

Zana niliyoipenda kuliko zote haikutoka mbali. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere pamoja na wenzao wa Norway walijaribu masomo ya kupima madai ya tiba katika shule 120 za msingi za Uganda ya kati, kwa wanafunzi zaidi ya 10,000 wa darasa la tano. Nusu ya shule zilipewa kitabu cha katuni na mwongozo wa mwalimu, vipindi tisa katika muhula mmoja, na nusu nyingine ziliendelea kama kawaida. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2017: katika shule zilizofundishwa asilimia 69 ya wanafunzi walifikia alama ya kufaulu, na katika zile nyingine asilimia 27. Baadaye waliandaa masomo kumi kwa ajili ya sekondari za Kenya, Rwanda na Uganda, ambayo mwalimu huyafungua hata kwa simu yake, yakiwa na toleo la mwenye projekta na toleo la mwenye ubao na chaki tu. Mtu aliyefikiria toleo la ubao amewahi kuingia darasani.

Uzuri wa masomo hayo ni kwamba hayaulizi tovuti hii ina nembo gani. Yanauliza dai linasimama juu ya nini: mtu mmoja aliyepona anathibitisha nini, na je, waliotibiwa wamelinganishwa na nani. Nilipoyafundisha niliacha mifano ya kitabu nikachukua kikombe cha Babu. Wanafunzi wangu wa mwaka ule walizaliwa katika miaka ya kikombe hicho na hawakijui ila kwa utani. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alikuwa akitoa dawa ya mizizi kwa shilingi 500 kwa kikombe katika kijiji cha Samunge, Loliondo, na magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita, yakiwa na wagonjwa wa kisukari, wa UKIMWI, wa saratani, wengine kutoka nchi za jirani. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi na amechoka na sindano, na sikuruhusu darasa limcheke.

Niliwauliza: kama ungekuwa mtafiti mwaka ule, ungehitaji kujua nini? Jibu la kwanza lilikuwa idadi ya waliopona. La pili, baada ya kimya kirefu, lilikuwa bora: waliopona miongoni mwa wale ambao hawakunywa. Ndipo msichana mmoja akauliza ni nani angekubali kupewa kikombe cha uongo baada ya kusafiri siku tatu kwa Land Cruiser akiwa mgonjwa. Nilimwambia kwamba swali hilo limewashughulisha watu wenye shahada kubwa kuliko yangu.

Sasa niseme kosa langu mwenyewe, kwa kuwa lilinifundisha kuliko kozi yoyote. Uzushi wa kwetu hauishi kwenye tovuti. Unaishi katika sauti za WhatsApp, ambazo hazina jina la mwandishi wala tarehe wala anwani, na ambazo mtu wa nje ya kundi hawezi kuziona. Alama ya mishale miwili huonyesha kwamba ujumbe umepita mikono mingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo husambazwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati, lakini alama hiyo haisemi ulianzia kwa nani. Nilitaka wanafunzi wasikie muundo wa sauti hizo. Nilikuwa pia nimeuona mchezo wa Bad News, uliotolewa mwaka 2018 na watu wa Uholanzi na Chuo Kikuu cha Cambridge, ambao humfanya mchezaji awe mzushi ili azijue mbinu zake. Nikatunga yangu, nikamwomba jirani aniigizie:

"Jamani, habari zenu. Mimi siyo mtu wa kutuma-tuma vitu, mnanijua, lakini hili nimeona nisikae nalo. Kuna dada anafanya kazi hukohuko ndani kabisa, kanithibitishia: kuanzia Jumatatu sukari huuziwi bila kitambulisho. Wahini mapema, msije mkasema hamkuambiwa."

Darasani ilikwenda vizuri. Wanafunzi waliitambua kila mbinu: unyenyekevu wa mwanzo, dada asiye na jina, "hukohuko" isiyotajwa ni wapi, na haraka ya mwisho. Nisichojua ni kwamba jirani, alipokuwa akinitumia, aliigusa pia na kuituma katika kundi lake la upatu. Siku ya nne shangazi yangu alinipigia kutoka Korogwe, akaniamuru nifanye nakala ya kitambulisho changu haraka, kwa kuwa kuanzia Jumatatu sukari itakuwa kilo mbili tu kwa kila kaya, na limetangazwa redioni.

Nilimweleza kwamba hakuna jambo kama hilo, na kwamba habari hiyo niliitunga mimi mwenyewe kwa ajili ya somo. Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi na wewe umezipata hukohuko."

Nilizunguka kuikanusha katika makundi yote niliyoweza kuyafikia, kisha Jumatano iliyofuata nikawasimulia wanafunzi jambo zima, nao wakachora ubaoni njia iliyopita ile sauti, toka kwa jirani hadi Korogwe, na kuweka alama ya kuuliza pale ambapo kilo mbili ziliongezeka na pale ambapo redio iliingia. Siku hizi sauti za mazoezi ninazisoma mwenyewe kwa mdomo, na karatasi huzikusanya kabla ya kengele.

Mwaka huu tuliamua kuacha kulalamika kwamba pembeni pa Kiswahili ni patupu na badala yake tuongeze cha kwetu. Tulikubaliana kuandika aya chache kwa ajili ya Wikipedia ya Kiswahili kuhusu silikanti wa Tanga na kuhusu pweza: jinsi jarife linavyotegwa, kina chake, kwa nini silikanti hunaswa usiku, na muda ambao pweza anaweza kukaa nje ya maji akitambaa juu ya mwamba. Yule msichana alikuwa na jibu la swali lake. Alikuwa amekwenda na bibi yake mwambani akahesabu. Rasimu ilikuwa nzuri, Kiswahili chake safi. Kabla ya kuiweka niliwauliza, kama kanuni za Wikipedia zinavyotaka, kila sentensi inategemea chanzo gani kilichochapishwa.

Hawakuwa nacho. Kila sentensi ilitegemea babu wa mmoja wao na bibi wa mwingine.

"Kwa hiyo babu si chanzo?" aliuliza yule kijana wa silikanti. Nyuma yake, ukutani, ilikuwa imebandikwa chati ya Kidato cha Kwanza niliyoiandika kwa mkono wangu, yenye vyanzo vya historia, na cha kwanza kabisa kilikuwa masimulizi ya mdomo. Sikuwa na jibu la kumpa pale pale. Nilimwuliza kama babu yake ana nafasi Jumatano ijayo, na kama hatakuwa na kinyongo tukimrekodi, tukaandika tarehe na jina la mahali, na tukamwita na mvuvi wa pili, asiye wa ukoo wao, aseme ya kwake kabla hajasikia ya mwenzake.

Akasema ataenda kuuliza, mradi isiwe siku ya bamvua, kwa kuwa watu wakianza kuteremka mwambani babu haji popote.